Mnyama wa karatasi akunjwe na mtoto mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wazazi na walimu wa madarasa ya awali wa hapa Mwanza juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni kukunja karatasi pamoja na watoto wa miaka minne hadi sita ili wapate mbwa, paka, bata, samaki na wanyama wengine wa aina hiyo. Naandika sasa kwa sababu msimu wa mahafali ya chekechea unakaribia, na kila msimu huo ufikapo yanajitokeza mambo mawili yasiyopatana. La kwanza ni malalamiko ya wazazi kwamba mtoto amelipiwa ada, amenunuliwa sare na madaftari, halafu anarudi nyumbani na kipande cha karatasi kilichokunjwa badala ya ukurasa uliojaa herufi na alama za vema. La pili ni kuta za darasa zinazopambwa siku ya sherehe kwa ndege na vipepeo wa karatasi walionyooka kila pembe, ambao wazazi walewale huwapigia makofi bila kujua kwamba hakuna hata mmoja aliyekunjwa na mtoto.

Malalamiko ya wazazi hayatoki hewani. Mama anayeanika dagaa Igombe, au baba anayeamka alfajiri kuwahi abiria wa bodaboda pale Buzuruga, anajua kwamba darasa la kwanza litamdai mwanawe Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK), na kwamba tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilipoifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, mwaka huo mmoja wa awali umekuwa ndio mlango wa shule yenyewe. Kwa hiyo akiona mlangoni watu wanacheza, anapata wasiwasi. Tatizo ni kwamba wengi wetu tumezoea kuiona KKK katika daftari peke yake, wakati herufi ya kwanza kabla haijaandikwa inahitaji kidole gumba na kidole cha shahada vinavyoweza kubana kitu kidogo bila kutetemeka, mkono mmoja unaoweza kutulia wakati mwingine unafanya kazi, na jicho linaloweza kuona kwamba ukingo huu umefika au haujafika kwenye ukingo ule. Mtoto anayekunja karatasi anafanya mazoezi hayo yote kwa pamoja, na anayafanya kwa hiari, jambo ambalo si rahisi kulisema juu ya ukurasa mzima wa herufi "a".

Hesabu nazo zimo humo. Karatasi ya mraba ikikunjwa ukingo kwa ukingo inatoa nusu mbili zilizolingana. Ikikunjwa tena inatoa robo. Ikikunjwa pembe kwa pembe inatoa pembetatu, na mtoto anaona kwa macho yake kwamba pembetatu hiyo ni nusu ya mraba uleule ingawa haifanani kabisa na nusu ya kwanza. Kwa mtoto ambaye nyumbani anazungumza Kisukuma, Kikerewe au Kijita na ambaye Kiswahili cha darasani bado kigeni kwake, maneno kama juu, chini, katikati, pembeni, geuza, fungua na kandamiza yanaingia haraka zaidi yanapoambatana na kitendo cha mkono kuliko yanapoimbwa kwa pamoja huku kila mtu akitazama dirishani.

Kwa wale wanaodhani kwamba huu ni mtindo mpya ulioletwa na video za simu, inafaa kukumbusha kwamba umri wake ni sawa na wa chekechea yenyewe. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo katika mji wa Blankenburg mwaka 1837, na ambaye ndiye aliyeasisi aina ya shule tunayoiita chekechea, aliweka kukunja karatasi miongoni mwa kazi za mikono ambazo mtoto alipaswa kuzifanya pamoja na kufuma, kuchora na kufinyanga. Chekechea ya kwanza ya Japani ilipofunguliwa Tokyo mwaka 1876 kwa kufuata mafundisho yake, kazi hiyo ilikutana na sanaa ya kukunja karatasi ambayo Wajapani walikuwa nayo tangu zamani, na tangu hapo imebaki katika madarasa yao ya watoto. Hakuna aliyeweza kusema kwamba Wajerumani au Wajapani walishindwa kuwafundisha watoto wao kuandika kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya barua hii nimekusudia kuwaandikia walimu wenzangu na walezi, kwa sababu jambo la pili ndilo linaloniudhi zaidi. Mwalimu akikunja mwenyewe, au akimaliza kwa haraka kile ambacho mtoto alianza kwa sababu masikio ya mbwa yamekaa upande, faida zote nilizozitaja zinabaki kwenye vidole vya mwalimu, ambaye hazihitaji. Mtoto naye anajifunza kwamba kazi yake haikufaa. Ninaelewa kwamba mkuu wa shule anataka ukuta unaopendeza, na kwamba wazazi wanaolinganisha shule hii na ile hutazama ukuta kabla ya kutazama kitu kingine. Lakini mbwa mwenye sikio moja refu na jingine fupi, aliyekunjwa na mtoto wa miaka minne tangu mwanzo hadi mwisho, ana thamani kuliko korongo mzuri aliyekunjwa na mtu mzima usiku wa kuamkia sherehe.

Kinachomfanya mtu mzima aingilie kati, mara nyingi, ni kwamba kazi iliandaliwa vibaya tangu mwanzo, na hapo naomba niseme kwa kirefu kidogo.

Jambo la kwanza ni karatasi yenyewe. Watoto wengi hupewa karatasi ndogo kwa sababu wao ni wadogo, kumbe inatakiwa iwe kinyume chake: vidole visivyokomaa vinahitaji eneo kubwa la kushika, na kosa la nusu sentimita ambalo halionekani kwenye karatasi kubwa linaharibu kila kitu kwenye karatasi ndogo. Karatasi ya A4 ya kawaida, ile ya gramu 80 inayotumika kwenye mashine za fotokopi, inatosha vizuri. Ina milimita 210 kwa 297, kwa hiyo ukichukua upande mfupi na kuulaza juu ya upande mrefu unapata mraba wa milimita 210 kila upande na unabakiwa na ukanda wa milimita 87, ambao usitupwe, maana tutauhitaji baadaye. Manila, ambayo walimu wetu huipenda kwa rangi zake, ni nene mno kwa kazi hii. Inavunjika kwenye mkunjo badala ya kukunjika, na mtoto anachoka kabla ya kufika popote. Gazeti ni laini na ni kubwa, na linafaa sana kwa wanyama wakubwa wa kuvaliwa kichwani, ila wino wake hubaki vidoleni, na vidole vya watoto hawa haviishi kuingia mdomoni. Niwie radhi, Mhariri, kwa kulijadili gazeti lako kwa namna hiyo. Ni heshima bora kidogo kuliko kufungia maandazi.

Kukata nako kusiwe sababu ya kuleta wembe darasani. Mkunjo ukipigwa vizuri kwa ukucha, ukageuzwa na kupigwa tena upande wa pili, karatasi inachanika kwa kufuata mstari huo bila mkasi wala wembe, na watoto wa miaka sita wanaweza kufanya hivyo wenyewe wakishikiliwa rula.

Jambo la pili ni mahali pa kukaa. Karatasi haikunjiki juu ya mapaja wala juu ya mkeka. Inataka meza, sakafu ya saruji, au hata kipande cha ubao. Anayekaa barazani ajue kwamba upepo unaotoka ziwani mchana hauna huruma na karatasi, lakini mji huu haukosi mawe, na kokoto moja mkononi mwa kila mtoto inamaliza tatizo hilo huku ikimpa kitu cha kusugulia mkunjo. Mwalimu asikae mkabala na mtoto. Akikaa mkabala, kulia kwake ni kushoto kwa mtoto, na juu kwake ni chini kwa mtoto, na mtoto anayejitahidi kuiga kwa uaminifu ndiye anayekosea zaidi. Akae kando yake, wote wakitazama upande mmoja. Na ikiwa darasa ni kubwa, kama yalivyo madarasa mengi ya shule zetu za serikali, basi awachukue wachache kwa zamu wakati wengine wanachora au wako uwanjani, badala ya kuwaongoza wote kwa pamoja kutoka mbele na kuishia kuwakunjia.

La tatu ni namna ya kuagiza. Ukimwambia mtoto "kunja hivi", hujamwambia kitu. Ukimwekea nukta nyekundu kwenye pembe mbili za karatasi na kumwambia nukta ziende zikasalimiane, anajua anatafuta nini na anajua mwenyewe akishafika, bila kukuuliza. Ukingo uliopo karibu na tumbo lake usukumwe kwenda mbele, kwa sababu mtoto anaona vizuri zaidi anaposukuma kuliko anapovuta. Pembe zikishakutana, mkono mmoja uzishikilie, na mwingine ukandamize kuanzia katikati kwenda kushoto na kulia, kwani anayeanza kukandamiza pembeni huisukuma karatasi ikateleza. Kwa mwalimu anayetaka kuchora hatua ubaoni, ipo njia iliyorahisishwa na Mjapani Akira Yoshizawa katika miaka ya 1950, ya kutumia mistari ya vipande vipande mahali pa kukunja na mishale kuonyesha karatasi inaelekea wapi, njia ambayo leo inatumika duniani kote na inasomeka hata kwa asiyejua lugha ya mchoraji. Watoto wa awali wanaizoea upesi, na ni kusoma kwa namna yake.

Sasa niwataje wanyama wenyewe, maana uchaguzi wa mnyama ndio unaoamua kama mtoto atamaliza au la. Mwanzo mzuri ni uso wa mbwa. Mraba unakunjwa pembe kwa pembe upate pembetatu. Upande mrefu unakaa juu na ncha inatazama chini. Pembe mbili za juu zinateremshwa ziwe masikio. Ncha ya chini inapandishwa kidogo iwe mdomo, na macho yanachorwa. Ni mikunjo minne tu, na hakuna hata mmoja unaodai usahihi, kwa sababu kila masikio yanayotokea ni masikio ya mbwa fulani. Paka ni yuleyule aliyegeuzwa: upande mrefu unakaa chini, pembe mbili za chini zinapandishwa kusimama kandokando ya ncha, ncha inalazwa chini, kisha kazi yote inageuzwa upande wa pili. Niliwahi kuona watoto wakiyakunja masikio ya mbwa mara ya pili yawe mafupi na kumtangaza kuwa ni pimbi, yule wa kwenye mawe yetu, na sikuona sababu ya kubishana nao.

Baada ya hapo unakuja mkunjo ninaouthamini kuliko yote, ule unaotoa umbo la kishada, yaani tiara ya kurusha: mraba unakunjwa pembe kwa pembe na kufunguliwa, kisha kingo mbili zinazokutana kwenye pembe moja zinaletwa zote kwenye mstari wa katikati. Ni mgumu kidogo kwa mtoto wa miaka minne, lakini wa miaka mitano anauweza, na ukishaeleweka unafungua njia ya wanyama wengi. Ncha butu ikikunjwa ndani, kishada kikakunjwa nusu kwa urefu, na ncha nyembamba ikapandishwa juu kuwa mkia, maelekezo ya kigeni yanasema huyo ni nyangumi. Mtoto wa Kirumba hajapata kumwona nyangumi na Ziwa Victoria halina nyangumi. Mchoreeni pezi la mgongoni lenye miiba, na mdomo mkubwa, na atakuwa sangara ambaye kila mtoto aliyewahi kupita soko la samaki la Mwaloni anamfahamu. Kishada hichohicho, ncha yake nyembamba ikirudishwa hadi kwenye ncha butu na kilele chake kikakunjwa kidogo kuwa kichwa, kisha chote kikakunjwa nusu kwa nje na shingo ikavutwa juu, kinatoa bata anayesimama mezani bila kushikiliwa. Mtoto anapomwona amesimama hamruhusu tena mtu mwingine amkunjie.

Na ule ukanda wa milimita 87 tuliouhifadhi? Unakunjwa kwa urefu na kuchanwa tena na tena hadi upatikane utepe mwembamba wa kama sentimita mbili. Tepe mbili zinagundishwa ncha zake zikiwa zimeachana kwa pembe mraba, kisha unakunja wa chini juu ya wa pili, na wa pili juu ya wa kwanza, kwa kupokezana hadi ziishe. Kinachopatikana ni mwili unaovutika na kurudi, na ukichorewa kichwa na ulimi ni chatu kamili. Watoto wenye wazazi wanaokwenda Bujora kutazama Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, wanamjua chatu huyo anavyozungushwa shingoni na wachezaji, na mtakesha mkitaka kuwanyang'anya wasimchezeshe. Kwa mtoto wa miaka mitatu ambaye hawezi bado kulinganisha pembe, chatu ndiye mnyama wa kumwanzishia, kwa sababu kupokezana huku hakuhitaji macho makali ila subira, na mkubwa anaweza kumshikia chini wakati yeye anakunja juu.

Wapo wanyama ninaoshauri waachwe. Korongo wa Kijapani, anayejulikana sana kwa sababu ya Sadako Sasaki, msichana wa Hiroshima aliyefariki mwaka 1955 kwa ugonjwa uliotokana na bomu la atomiki akiwa na umri wa miaka 12, ni kazi ya watoto wa madarasa ya juu. Kumdai kwa mtoto wa awali ni kuhakikisha kwamba mwalimu ndiye atakayemkunja. Chura arukaye naye ni mtamu kumtazama, lakini tabaka zake zinarundikana hadi kidole cha mtoto mdogo hakiwezi kuzilaza. Asubiri darasa la tatu au la nne.

Nawaomba wazazi nao jambo moja. Mtoto akileta nyumbani karatasi iliyokunjwa vibaya, asiulizwe ni kitu gani, kwa sababu swali hilo lina hukumu ndani yake. Apewe karatasi nyingine aonyeshe alivyofanya. Bibi anayeshinda na wajukuu hahitaji kujua kusoma ili akae na mjukuu akakunja paka, na kwa kweli mtoto anayemfundisha bibi yake hatua kwa hatua anaonyesha kuwa amejua kuliko mtihani wowote wa awali unavyoweza kupima. Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba katika mahafali ya mwaka huu, badala ya kupamba ukuta, shule ziweke meza na karatasi, na kila mzazi aketi dakika chache akunjishwe mnyama na mwanawe mbele ya wote. Mgeni rasmi naye asisamehewe.

Karatasi za kufanyia hayo zipo nyingi mjini na zinatupwa kila siku. Wenye steshenari na mashine za fotokopi za katikati ya mji, pamoja na ofisi za umma na za binafsi, wana marundo ya karatasi zilizochapwa upande mmoja au zilizoharibika, ambazo zinafaa kabisa kwa mbwa na sangara. Ninawaomba waziweke kando kwa ajili ya shule ya awali iliyo karibu nao, na mwalimu atume mtu kuzichukua kila Ijumaa. Ila wanaozitoa wazikague kwanza: karatasi zenye majibu ya vipimo vya wagonjwa, mishahara ya watumishi au maswali ya mitihani zisichanganywe humo, hata kama upande wa pili ni mweupe.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa elimu ya awali,
Nyegezi, Mwanza.